Mwanaume, Nesi, Mwaka wa Kwanza: Ushauri kwa Waliopangiwa Biharamulo na Ngara

Kila ajira za kada za afya zinapotangazwa, maswali yaleyale hurudi. "Nimepangiwa Biharamulo, nitaanzaje?" "Mama akikataa nimhudumie kwa sababu mimi ni mwanaume, nifanyeje?" "Wagonjwa wananiita daktari, niwakatalie?" Wanaouliza ni vijana wa kiume waliomaliza uuguzi na ukunga, wengi hawajawahi kukanyaga Kagera, na barua zinawataka waripoti kazini karibuni.

Jibu langu kwa wote ni moja: mwaka wa kwanza utumie kuaminika. Uaminiwe na mama aliye kwenye uchungu, na nesi aliyekutangulia kazini, na yule atakayesoma ulichoandika kwenye faili saa nane za usiku. Heshima unayoogopa kuipoteza itakuja kwa njia hiyohiyo.

Wachache wenu mtabaki hospitali kama Murgwanza au Rulenge. Wengi mtapelekwa vituo vya afya na zahanati, kwenye kata kama Nyabusozi, ambako watumishi ni wa kuhesabu na hakuna kusema "hili mwachie dada fulani". Ushauri huu umeandikwa kwa ajili ya huko.

"Lakini hii si kazi ya kike?"

Swali hili halitoki kwa wagonjwa, linatoka nyumbani. Mjomba atauliza kama miaka yote ile ya chuo ilikuwa ya kujifunza kutandika vitanda. Mjibu kwa ufupi. Miaka ya 1920, zahanati za vijijini zilipoanza kufunguliwa Tanganyika, waliofunga vidonda na kugawa dawa walikuwa wanaume, na watu waliwaita madresa. Uingereza nako, wauguzi wa kiume waliwekwa kwenye daftari lao la pembeni hadi mwaka 1949, kisha ubaguzi huo ukafutwa. Kazi yenyewe haikuwahi kuchagua jinsia, watu ndio waliochagua.

Ukishajibu mara moja, basi. Usipoteze mwaka mzima ukiitetea kazi yako kwenye misiba na harusi.

Kabla hujapanda basi

Unaripoti kwanza kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye anayekupangia kituo. Usiende moja kwa moja kwenye zahanati uliyoisikia kwa rafiki. Beba:

- Vyeti halisi vya shule na chuo, pamoja na nakala zilizothibitishwa.
- Cheti cha usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni. Ikiisha, huna ruhusa ya kumhudumia mtu, hata kama mshahara unaingia.
- Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, akaunti ya benki na picha ndogo.
- Fedha za kuishi miezi miwili au mitatu. Mshahara wa kwanza huchelewa mpaka taarifa zako ziingie kwenye mfumo, na mwenye nyumba hasubiri mfumo.
- Sweta na koti la mvua. Vilima vya Ngara vina baridi ya usiku.

Ulizia posho ya kujikimu na nauli ya ajira mpya kwa maandishi, tangu siku ya kuripoti. Madai ya mdomo husahaulika. Kumbuka pia kwamba miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini haiji yenyewe. Mwezi wa kumi na moja anza kuifuatilia.

Wiki ya kwanza kituoni

Kosa la kwanza la wageni ni kufika na maneno ya chuo: "Sisi tulifundishwa hivi." Hata kama una haki, yaweke kiporo wiki mbili. Kwanza jifunze haya:

1. Trei ya dharura iko wapi, nani ana ufunguo usiku, na dawa gani zimeisha muda.
2. Gari la wagonjwa linaitwaje. Namba 115 ya mfumo wa m-mama ni ya dharura za wajawazito na vichanga. Iandike ukutani, usiitegemee simu yako.
3. Rufaa inakwenda wapi: hospitali ya wilaya, Bukoba, Chato au Bugando.
4. Vitabu vya MTUHA vinajazwaje hapo, na nani huvipitia.
5. Mhudumu mkongwe ni nani. Kila zahanati ina mama mmoja ambaye hana stashahada lakini anajua kila familia, na anajua mama yupi alitokwa damu nyingi uzazi uliopita. Msalimie kabla hajakusalimia, na umwite mama.

Lugha nayo ni kifaa cha kazi. Ngara utasikia Kihangaza, Biharamulo utasikia Kisubi, Kisukuma kwa wafugaji na wakulima waliohamia, na upande wa Kabanga na Rusumo utakutana na Kirundi na Kinyarwanda. Wazee wengi Kiswahili chao huishia kwenye salamu. Jifunze kusalimia, kusema pole, kuuliza panapouma, siku ngapi, na kama damu inatoka. Ukihitaji mkalimani, mtumie mhudumu. Kamwe usimtumie mtoto wa mgonjwa kumuuliza mama yake habari za uchafu ukeni au dawa za ARV.

Wakikuita daktari

Watakuita. Mwenzako wa kike mwenye uzoefu wa miaka kumi ataitwa sista, na wewe wa juzi utaitwa daktari, kwa sababu tu ya suruali. Utaambiwa uwaache wakuite hivyo, ni heshima. Usiwaache, kwa sababu tatu:

- Mgonjwa akikuamini kuwa daktari, atakuomba maamuzi yasiyo yako, na siku moja utajikuta umeyatoa.
- Mwenzako anayesikia hayo kila siku atakaa kimya, lakini kimya hicho kitakugharimu siku unayohitaji msaada wake.
- Jambo likiharibika, hati itasema wewe ni muuguzi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakupima kwa usajili wako. Jina ulilopewa na kijiji halimo.

Sema kwa upole: "Mimi ni nesi, naitwa fulani. Daktari nitamwita akihitajika." Rudia kila mara bila kukasirika, kijiji kitazoea.

Chumba cha kujifungulia: hatua kwa hatua

Hapa ndipo hofu yote ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbilia kuomba wapelekwe wagonjwa wa nje au chumba cha upasuaji. Usiombe. Umesajiliwa kuwa muuguzi na mkunga, na kwenye zahanati ya watumishi watatu usiku wa zamu yako utabaki wewe peke yako. Fuata mpangilio huu bila kuuruka:

1. Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Taja jina na kazi yako.
2. Muulize mama angependa nani awe naye. Ndugu wa kike akiwepo chumbani anamtuliza mama, na anakulinda wewe dhidi ya maneno.
3. Vuta pazia, mfunike kwa kanga yake, funua sehemu unayoihudumia tu.
4. Eleza kabla ya kugusa: unataka kufanya nini, kwa nini, na kitachukua muda gani. Subiri akubali.
5. Pima njia kila baada ya saa nne, isipokuwa kuna sababu. Kupima mara kwa mara kwa wasiwasi wako mwenyewe kunamuumiza, kunaleta maambukizi na kunazua maswali.
6. Andika kwenye patografu papo hapo. Usijaze yote mwishoni kwa kukumbuka.
7. Usitanie. Mzaha ambao sista mkongwe akiusema watu wanacheka, wewe ukiusema utapelekwa kwa mtendaji wa kata.

*Akikataa?*

Ana haki ya kukataa, na hajakutukana.

- Usibishane, wala usimwambie "basi kazalie nyumbani".
- Mwite mwenzako wa kike kama yupo. Wewe shika kazi nyingine: dripu, vifaa, kumpokea mtoto.
- Kama hayupo na hali si ya dharura, mweleze ukweli: nani yuko zamu, mwingine anafika saa ngapi, hospitali iko umbali gani. Mpe muda aongee na ndugu zake.
- Kama ni dharura, taja hatari kwa maneno mafupi: "Damu inatoka nyingi, tukichelewa utazimia. Naomba nikusaidie, dada yako atakushika mkono." Wengi hukubali wanapoelezwa. Asiyekubali, andaa rufaa haraka.
- Andika kilichotokea, saa na aliyekuwepo.

Aibu yako ni hatari kuliko yake

Mama wengi hushinda aibu wakati uchungu umekolea. Nesi wa kiume yake hubaki, na mara nyingi huiita heshima. Matokeo yake huonekana baada ya mtoto kutoka: kijana anamfunika mama, anasema hongera, anakwenda kujaza kitabu. Hakukagua pedi, hakushika tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza. Nusu saa baadaye mama amelowa damu chini ya kanga.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Kwa mkunga wa kiume ongeza: naye anayeogopa kutazama hazalishi salama. Kwa hiyo:

- Mtoto akishatoka, hakikisha tumboni hakuna wa pili, kisha choma oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja.
- Saa mbili za kwanza, kila dakika 15 kagua damu, mji wa mimba, mapigo ya moyo na presha. Weka kengele ya simu kama unasahau.
- Msaidie mama kumnyonyesha mtoto ndani ya saa moja. Kama kugusa titi ni kugumu kwako au kwake, elekeza kwa maneno na mwombe ndugu wa kike amshike mtoto. Usiruke hatua hiyo.
- Uliza maswali ya aibu kwa sauti ya kawaida. Ukinong'ona, naye atanong'ona, na dalili zitapotea.

*Na akija mama mkwe?*

Kwa jamii nyingi hapa, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Kama mna mtumishi mwingine, mkabidhi kazi yote na utoke chumbani. Kama uko peke yako, ita msaada wa kituo cha jirani mapema. Maisha yake yakiwa hatarini, hudumia; mila itazungumzwa akiwa hai.

Usigeuzwe winchi, wala usijigeuze bosi

Mitego hii miwili inafanana. Wa kwanza: kila mgonjwa mzito ni wako, kila mlevi mkorofi ni wako, kila maiti ya kusogezwa ni yako, na zamu za usiku zimejaa jina lako kwa sababu "wewe mwanaume huogopi". Saidia, lakini ukiona imekuwa desturi, kaa na Muuguzi Mfawidhi na ratiba ya zamu mezani, mzihesabu pamoja. Usinung'unike kwenye chai. Na mgonjwa mzito hunyanyuliwa na watu wawili au zaidi, kwani mgongo ukiharibika mwaka wa kwanza hauponi kwa sifa.

Mtego wa pili ni mtamu zaidi. Baada ya miezi michache utaombwa ushike funguo za stoo, uwakilishe kituo kwenye vikao, labda ukaimu uongozi. Jiulize: kuna mwenzangu wa kike mwenye uzoefu kuliko mimi aliyerukwa? Kama yupo, sema hivyo hadharani. Kazi ya vikao itakufuata baadaye. Mikono ya kukamata mshipa wa mtoto mwenye malaria na upungufu wa damu huipati kwenye vikao. Mwaka huu kaa wodini.

Kazi nzuri inayokungojea: wanaume wenzako

Dereva wa lori aliyelala Nyakanazi au Benaco akiwa na usaha kwenye njia ya mkojo hamwambii binti wa umri wa mwanawe. Mzee anayeamka mara sita usiku kukojoa hatasema mbele ya mkwewe. Wakikukuta wewe, watasema. Tenga kona yenye faragha, uliza moja kwa moja, na mshawishi amlete mwenza wake watibiwe pamoja.

Kliniki ya wajawazito nako, mume akiona mwanaume mwenzake huingia ndani kwa urahisi zaidi. Itumie nafasi hiyo kumweleza dalili za hatari na akiba ya nauli. Onyo: kuja na mume kusiwe sharti la mama kuhudumiwa. Aliyekuja peke yake ahudumiwe sawasawa, bila kutafutiwa barua ya mwenyekiti.

Sindano za nyumbani na duka la dawa

Mwezi wa pili watu watajua unapokaa. Watabisha hodi usiku na kichupa mkononi: "Nichome tu, daktari." Usikubali. Hujui dawa ilitunzwaje, hujui mzio wake, na akizimia sebuleni kwako huna vifaa. Mpeleke kituoni, hata kama ni saa saba, umhudumie huko na umwandike kwenye kitabu.

Usigeuze chumba chako kuwa zahanati ya siri. Usichukue glovu na dripu za serikali "kwa muda". Na mama asiombwe fedha za soda ndipo apewe kitanda. TAKUKURU ina ofisi mpaka wilayani, lakini kabla ya TAKUKURU kuna sokoni, ambako jina lako litakuwa limeshafika.

Linda mwili wako

*Ukichomwa na sindano iliyotumika:*

1. Osha kwa maji tiririka na sabuni. Usiminye jeraha.
2. Toa taarifa muda huohuo na iandikwe.
3. Pima, na anza dawa kinga za VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Dozi ni siku 28, usiiache katikati.
4. Hifadhi nakala ya taarifa. Kuumia kazini kunahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu. Kama hukuipata chuoni, ifuatilie mwezi huu. Na usirudishe kifuniko kwenye sindano.

*Kuhusu Marburg:* tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mgonjwa aliyethibitika Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wawili walikuwa wamethibitika na wanane kudhaniwa kuwa nao, na wote kumi walifariki. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulipoingia Bukoba, watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Dalili za mwanzo zinafanana na malaria: homa, kuumwa kichwa, kutapika. Hivyo vaa glovu kwa kila mgonjwa na nawa mikono kabla na baada. Ukikuta homa kali isiyoeleweka yenye kutoka damu, mtenge mgonjwa, punguza wanaomgusa, toa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na piga 199. Kijana anayejiona shujaa kwa kushika damu mikono mitupu anahatarisha kata nzima.

Uvumi, simu na milango

- Usichukue namba ya mgonjwa kwa jambo lisilo la matibabu, wala usianze uhusiano na unayemhudumia au mwanafunzi aliye kwa mafunzo.
- Ushauri wa faragha utolee chumbani wakati wa kazi. Usitumie ujumbe wa usiku.
- Usipige picha ya mgonjwa, kidonda wala kichanga kwa ajili ya kundi la WhatsApp.
- Ukisikia uvumi juu yako, usikimbilie kugombana. Mweleze mfawidhi wako mapema, na kumbukumbu zako za kazi zikutetee.

Mshahara wa kwanza

Siku mshahara na malimbikizo vinapoingia, utakutana na wakopeshaji kabla ya marafiki. Kanuni za mwaka wa kwanza ni chache: hakuna mkopo wa pikipiki kabla hujajua makato yako, hakuna mkopo wa kausha damu kwa sababu yoyote, na cha kutuma nyumbani kipangwe kiasi mapema. Kagua hati ya mshahara kila mwezi, hasa makato ya bima na mfuko wa pensheni.

Mgonjwa wa kwanza kufia mikononi mwako

Atakuwepo. Pengine mtoto aliyeletwa akiwa amechelewa, pengine mama. Utaambiwa mwanaume halii, na utaelekezwa kwenye pombe ya rubisi. Fanya hivi badala yake: maliza kumuandaa marehemu kwa heshima, waambie ndugu kwa maneno ya wazi ukiwa umekaa nao, andika kumbukumbu, kisha kabla hujaenda kulala mtafute mwenzako mmoja umsimulie yote. Kikao cha kupitia kifo kikiitishwa, nenda na ukweli wote. Hakuna anayejifunza kwenye faili lililopambwa. Usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, omba msaada kama ambavyo ungemshauri mgonjwa.

Jipime mwezi wa kumi na mbili

Ukiweza kujibu ndiyo kwa haya, umevuka:

- Leseni yangu iko hai na nimefuatilia barua ya kuthibitishwa.
- Nimezalisha na kufuatilia mama baada ya kujifungua bila kuruka hatua kwa aibu.
- Wenzangu wa kike wananiachia zamu bila wasiwasi.
- Ninaweza kumsalimia na kumhoji mgonjwa kwa lugha ya hapa.
- Sina deni la kausha damu wala mgonjwa wa chumbani.
- Mtu akifungua faili nililoandika, ataelewa bila kunipigia simu.

Kama majibu mengi ni hapana, usiombe uhamisho bado. Chagua moja, lifanyie kazi mwezi huu, kisha jingine. Mama wa Nyabusozi akija kujifungua usiku wa zamu yako, hatakuwa na muda wa kuchagua mkunga. Mkute ukiwa tayari.